Pompe ya Keshero na Maziwa ya Mama Uwimana

Mwanangu, kuna siku moja ninaikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, na mama yenu asinisikie. Ni ile siku tuliyowasha pompe ya maji ya Keshero kwa mara ya kwanza, na avenyu nzima, mutaa wetu wote, ikakimbilia nje ikilia kwamba mulima wa moto umeamka.

Sogeza kiti, kaa hapa karibu. Nimeambiwa wewe na wenzako munaenda kuweka pompe kubwa kule Ndosho, katikati ya nyumba za watu, na tangu nipate hiyo habari sijatulia. Nimepanda moto, pikipiki ya abiria, nikaja mbio, hata kofia nimeisahau nyumbani. Mashine hiyo ninaijua tabia. Ninajua itakachowafanyia majirani, na ninajua namna ya kuizuia, ndiyo maana unaniona ninaongea na mikono. Usinicheke, sikiliza tu.

Wakati ule nilikuwa kijana, nimetoka kwenye shule ya ufundi juzi juzi, na nilifanya kazi chini ya fundi mekanisyen mumoja aliyeitwa Papa Balume. Mutu mwema kabisa, lakini ile sauti yake! Akikuambia siri, kartiye yote inaipata. Keshero upande wetu hakukuwa na robine hata moja ya maji. Mama zetu walishuka ziwani kila asubuhi na bidoni za maji mugongoni, wanapanda nazo juu ya yale mawe makali ya lava, na maji yenyewe yakifika nyumbani yanawaumiza watoto matumbo. Mama yangu alikuwa mumoja wao. Ndipo kamati ya kartiye ikapata pompe, pompe ya kweli, iliyotoka kwenye usine, kiwanda cha kahawa kilichokuwa kimefungwa. Ilipokuwa inashushwa kwenye lori, watu waliimba. Kazi yake ilikuwa kuvuta maji ziwani, kuyaingiza kwenye tanki ya dawa ya kuyasafisha, halafu kuyasukuma juu mpaka kwenye robine za avenyu.

Tukaijengea nyumba ndogo ya mawe ya lava. Sasa hapa, mwanangu, unatujua sisi watu wa Goma. Muulize mutu wa hapa habari ya fondasyo, musingi wa nyumba, atapiga muguu chini akuulize, "Fondasyo? Hii lava basi ni ya nini?" Tunajenga juu ya jiwe, tunalala juu ya jiwe, na tunaamini kwamba jiwe linabeba kila kitu na kunyamazisha kila kitu. Papa Balume akatoboa lava, akaifunga pompe moja kwa moja kwenye jiwe na mabuloni manene namna hii, tazama dole gumba langu. Alipomaliza akapanda juu yake akaruka. Haikutikisika hata kidogo.

"Hii," akasema, "hata mulima hauwezi kuihamisha!" Tukampigia makofi.

Pasta akaomba, tukaitikia amina, Papa Balume akabonyeza swichi.

Ayi we! Ndani ya pompe ikasikika sauti ya mutu anayemwaga changarawe kwenye sahani ya chuma. Halafu jiwe chini ya viatu vyetu likaanza kutetemeka. Sisi hatukujali, macho yetu yalikuwa kwenye tanki. Ila huko nje! Unajua kwetu ardhi ikitikisika mutu hakai kuuliza. Anabeba mutoto, anatoka. Fundi wa nguo alitoka na cherehani kichwani. Kwa kinyozi, muteja alitoka na nusu ya kichwa imenyolewa na kitambaa kingali shingoni. Sisi tulipofungua mulango ili tutangaze kwa shangwe kwamba maji yamefika, tulikuta watu wote wamesimama katikati ya njia, kimya, wanaangalia upande wa mulima.

Walipojua kwamba ni pompe, walicheka, wakatutukana kidogo, wakaenda kutafuta bidoni. Mama yangu alifungua robine, akanawa uso mara ya kwanza bila kushuka ziwani, akaanza kuimba. Siku hiyo furaha ilizidi hofu.

Kesho yake pompe ilipowaka, wakatoka tena mbio. Siku iliyofuata wakatoka wachache. Baada ya hapo ardhi ikitetemeka hakuna aliyeinua kichwa. "Ni pompe," wanasema, na wanaendelea kula. Sisi mekanisyen tukafurahi, tukaona watu wamezoea na mambo yameisha.

Shefu wa avenyu, kiongozi wa mutaa wetu, peke yake hakufurahi. Alikuwa mwalimu wa zamani, mufupi, mupole, mwenye kuongea polepole ili usiseme baadaye kwamba hukuelewa. Alikuja pale kwenye mulango wa pompe akasimama.

"Papa Balume," akasema, "pompe yenu inafundisha watu wangu kutoogopa. Siku mulima utatikisa kweli, nani atatoka? Watasema ni pompe. Watabaki ndani, na nyumba zetu ni za mawe."

Papa Balume akajaribu kumujibu na ile sauti yake. Shefu akangoja imalize.

"Siku ya Mungu ya mwisho wa mwezi, tukitoka kanisani, nitakuja na watu. Kama ardhi ingali inatetemeka, tutaifungua hii pompe iende mahali pengine, mbali na nyumba. Ninajua maana ya maji. Bibi yangu naye anabeba bidoni. Lakini nimesema."

Hakukasirika, hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia baridi. Alikuwa na haki! Ikiwa pompe inabaki vile ilivyo, siku moja watu watafia ndani ya nyumba zao. Ikitolewa, mama yangu anarudi ziwani na bidoni mugongoni. Nilirudi nyumbani nikashindwa kumuambia.

Papa Balume akasema dawa iko moja, kufunga zaidi. Tukaongeza mabuloni, marefu kuliko ya kwanza. Tukamwaga sima ya kujengea pembeni ya pompe ishikane vizuri na lava. Tiyo ya maji, lile bomba, ilipopita kwenye ukuta kulikuwa na nafasi kidogo inachezacheza, Papa Balume akaiziba mwenyewe na sima, akailainisha na mukono kwa upendo kabisa. Tukaifunga tiyo na vyuma kwenye ukuta. Kila kitu kikawa kitu kimoja. Tukawasha.

Mbaya zaidi! Ninakuambia mbaya mara nyingi zaidi! Hata taa iliyoning'inia ilianza kucheza. Na kabla hatujaizima, mulango ukafunguliwa, akaingia Mama Uwimana.

Huyu alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Nyumba ya pompe iliegemea ukuta wake wa nyuma. Mujane, mutu wa vilima vya Masisi, aliyekulia kwenye ng'ombe, na pale Keshero aliishi kwa kuuza mashanza, yale maziwa ya kuganda. Watu walitoka mbali kununua kwake. Mutu murefu, hatembei haraka, lakini siku hiyo alitembea haraka. Alimushika Papa Balume kwenye mukono wa shati kama unavyomushika mutoto aliyevunja kitu.

"Kujeni kwangu," akasema.

"Mama, tuko kazini..."

"Kazi yenu iko kule kwangu. Hapa munaisikiliza na masikio tu. Kujeni muikalie."

Tungefanya nini? Tukaenda, pompe tukaiacha inaunguruma. Akatukalisha kwenye viti vyake vizuri, vile vya wageni. Tukakaa. Mwanangu, matako yangu ndiyo yaliyosikia kwanza! Kiti kilikuwa kinatetemeka. Sahani kwenye kabati zilikuwa zinagongana, kli kli kli kli, bila kupumzika.

Mama Uwimana akaleta chupa kubwa ya maziwa aliyoyaweka jana yake ili yagande. Mashanza ya kweli yanakuwa kitu kimoja, kizito, cheupe, ukiinamisha chombo yanakuja yote pamoja. Yale yalikuwa maji ya njano juu na vipande vipande chini.

"Maziwa ikitaka kuganda, inataka kulala," akasema. "Mimi ninailaza, nyinyi munaiamusha. Hii nyumba yangu mumeigeuza kisabo." Kisabo ndicho kile kibuyu wanachosukasukia maziwa wapate siagi. "Wateja wangu wananiuliza, Mama Uwimana, umezeeka? Umesahau kazi? Yampaye inka, ninaapa kwa aliyenipa ng'ombe! Mimi?"

Papa Balume akauliza, na ndiyo mara ya kwanza nilimusikia na sauti ndogo, "Basi mama, na wewe unataka tuitoe pompe?"

"Nani amesema kuitoa? Mimi sinywi maji? Toeni mutetemeko, maji muache."

Akamimina maziwa mabichi kwenye bakuli, akaiweka juu ya kabati, karibu na ukuta, atuonyeshe. Juu ya maziwa kukatokea miduara midogo, mumoja ndani ya mwingine, haisimami. Papa Balume alitazama kwa haya. Mimi nilisimama nikapiga kelele kwa furaha, hata Mama Uwimana akaniangalia kama nimerukwa na akili.

Kwa nini? Fikiria! Siku zote hizo tulikuwa tunapima kazi yetu ndani ya nyumba ya pompe, mahali ambapo kila kitu kinatikisika na kila kitu kinalia, hujui ni nini kimepungua na nini kimeongezeka. Sasa hapa kuna bakuli inayosema ukweli, na inasemea mahali ambapo binadamu anaishi. "Mama," nikamuomba, "hiyo bakuli iache hapo hapo, mutu asiiguse mpaka tumalize." Akasema atabadilisha maziwa kila asubuhi, yaliyobaki atayanywa yeye.

Weh, zile siku! Nikizikumbuka sikai kwenye kiti. Tulianza na ile sauti ya changarawe. Tukaingia ziwani, tukakuta mudomo wa tiyo inayovuta maji umezibwa na sashe za plastiki na majani, na tiyo yenyewe tulikuwa tumeikunja kona baada ya kona ipite kati ya mawe. Pompe ilikuwa inavuta kwa shida, inameza mapovu, mapovu yanapasuka ndani yake. Tukasafisha, tukainyoosha tiyo, tukawasha. Changarawe ikaisha! Nikapiga kelele kwenye ukuta:

"Mama Uwimana! Inasemaje?"

"Imepunguza! Lakini ingali inacheza!"

Tukaangalia pompe na moteri inayoizungusha, namna zinavyoshikana. Tukaweka rula, tukakuta haziko mustari mumoja, moteri imeinuka kidogo, unene wa ukucha. Yaani kila muzunguko zilikuwa zinagombana. Tukazipatanisha.

"Mama! Na sasa?"

"Ingali! Ingali! Kidogo!"

Halafu mimi nikachukua nyundo nikaanza kugonga lava yenyewe, hapa na pale, sijui nilikuwa ninatafuta nini. Upande wa mulango jiwe likajibu ki, ki, ki. Chini ya pompe likajibu ndu, ndu, ndu. Papa Balume akaninyang'anya nyundo, akagonga mwenyewe, akaniangalia, akakaa chini akicheka mpaka machozi. Chini ya pompe kulikuwa na pango! Unajua lava ilipopita ikiwa moto iliacha matundu matupu ndani yake, makubwa, na sisi wenye kuaminia jiwe tulikuwa tumeipandisha pompe juu ya ngoma. "Na mabuloni niliyaongeza mimi!" akasema. "Nilikuwa ninaikaza ngoma!"

Ikabidi tuizime, tuihamishe mpaka upande wa mulango, kwenye jiwe lililojaa. Safari hii hatukuifunga kwenye jiwe. Tulijenga kitanda kizito cha sima na chuma, kizito kuliko pompe yenyewe, tukakiacha peke yake, kisishikane na ukuta wala sakafu, na chini yake tukaweka vipande vinene vya kauchu tulivyovikata kwenye pine, matairi ya lori. Pompe ikakaa juu ya kitanda, kitanda juu ya kauchu, kauchu juu ya lava. Kati ya pompe na tiyo tukaweka kipande cha mupira mugumu wenye waya ndani, upande wa kuvuta na upande wa kusukuma, ili pompe ikitikisika isiivute tiyo kwa mukono. Vijana walileta muchanga na tshukudu, zile baiskeli za mbao, bila kuulizwa, wanawake wakabeba maji ya kuchanganyia sima kutoka ziwani, kwa sababu robine zilikuwa kavu. Mama yangu alipita mbele yangu na bidoni mugongoni, akasema tu, "Fanyeni vizuri." Siku zote hizo sima ikikauka, yeye alishuka na kupanda.

Siku ya posho, Jumamosi, tukawasha, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya shefu. Niliweka mukono kwenye lava, kimya. Kitanda kilikuwa kinapumua kidogo peke yake, sakafu haikujua. Papa Balume akanikumbatia. Nikakimbia kwenye ukuta:

"Mama Uwimana! Inasemaje?"

Nikamusikia akivuta kiti karibu na kabati.

"Mwanangu, ingali inacheza."

Sitakudanganya, nililia. Kila kitu tulikuwa tumekifanya! Papa Balume akakaa juu ya ndoo, akavua kofia. Jua lilikuwa linaanza kuelekea Masisi na kesho watu wanakuja na funguo zao za kufungulia mabuloni. Mimi nikaanza kutembea na viganja, ndiyo, viganja, ninapapasa kila kitu kimoja kimoja. Sakafu, kimya. Mulango, kimya. Tiyo baada ya mupira, inanung'unika kidogo tu, ni haki yake, maji yanapita ndani. Vile vyuma vya kuifunga kwenye ukuta, vinanung'unika. Ukuta wa mulango, kimya. Ukuta wa Mama Uwimana...

Ukuta wa Mama Uwimana ulikuwa unaimba! Nikaweka sikio. Unaimba kabisa, na sauti inatoka pale kwenye kona tiyo inapotokea nje, kando ya nyumba yake, pale kwenye ile sima iliyolainishwa kwa upendo. Tiyo ilikuwa imeshikwa na ukuta kama jino na ufizi, na upande wa pili wa ukuta huo huo ndipo kabati ya Mama Uwimana iliegemea. Ule munung'uniko mudogo wa tiyo ulikuwa unapewa ukuta muzima wa kupigia!

"Patasi!" nikapiga kelele. "Papa Balume, patasi!"

Akaelewa mara moja. Aliichimba ile sima mwenyewe, vipande vinamurukia usoni, anacheka, anajitukana. Tukazunguka tiyo yote mpaka ikawa haigusi jiwe popote, mwanga wa nje unapita. Tukaijaza hiyo nafasi na vipande laini vya kauchu, bila kukaza. Vile vyuma tukavifungua, tukavirudisha na kauchu ndani yake. Papa Balume akafanya ishara ya musalaba, akabonyeza. Mimi sikumuita tena Mama Uwimana. Nilikimbia mwenyewe, nikazunguka nyumba, nikaingia bila hodi.

Alikuwa amesimama mbele ya kabati, mikono kwenye mashavu. Sahani, kimya. Bakuli, mwanangu, maziwa yamelala! Hakuna muduara hata mumoja! Nikamushika kiunoni nikamuinua, mutu murefu vile, akanipiga kofi la bega akicheka. Halafu akajirekebisha kitenge, akasema, "Sitasema kitu leo. Kesho maziwa itasema yenyewe." Akaweka chupa ya maziwa karibu kabisa na ukuta, na sisi tukaiacha pompe inatembea.

Kesho yake tulivaa nguo za kanisani tukasimama mbele ya nyumba ya pompe, mulango umefungwa. Shefu akaja na watu wake, wengine wamebeba funguo kubwa. Akasimama, akapiga muguu chini taratibu, akasikiliza. Akatuangalia kwa huruma.

"Asanteni," akasema. "Mumeizima wenyewe. Hiyo ni heshima. Basi tuitoe kwa amani, bila maneno."

Papa Balume akafungua kinywa, Mama Uwimana akamukanyaga muguu. Alikuwa na chupa yake na bakuli. Akainamisha chupa mbele ya watu wote, na mashanza yakaja yote pamoja, kitu kimoja, polepole, yakakaa kwenye bakuli bila tone la maji. Wanaomujua wakaanza kuguna kwa kustaajabu.

"Hii ililala kwenye ukuta wa pompe," akasema. "Shefu, fungua robine."

Shefu akafungua. Maji! Yakatoka kwa nguvu mpaka yakamulowesha suruali ya kanisani! Mutu mumoja akakimbia akafungua mulango, akaweka mukono juu ya moteri, akautoa haraka. "Iko moto! Iko natembea! Hii kitu iko natembea!" Ilikuwa shangwe, vigelegele, watu wanaingia kwa zamu kugusa moteri, wanatoka kugusa ardhi. Shefu alikunywa maji kwa viganja, akanywa na mashanza, akawaambia watu wa funguo warudi nyumbani. Mama yangu alisimama pembeni, bidoni tupu mukononi, ananiangalia tu.

Ungedhani habari imeishia pale. Hapana, nilichokuja kukuambia ndicho hiki. Mwezi mwingine ulipita, pompe inafanya kazi, watu wamesahau hata kwamba iko. Muchana mumoja ardhi ikatikisika. Si muda murefu, si kwa nguvu sana, lakini safari hii ulikuwa mulima. Na avenyu nzima ikatoka! Wote, mara moja, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kusingizia. Fundi na cherehani yake, kinyozi, mama yangu, watoto wote. Mama Uwimana alikuwa amekaa jikoni anasafisha vyombo vya maziwa. Alitoka amebeba mujukuu wake. Tuliporudi tukakuta mawe ya ukuta wa jiko lake yameangukia kile kigoda alichokuwa amekalia, na kigoda kimekuwa kuni. Mama Uwimana akanigeukia, akanishika kichwa na mikono miwili. Shefu wa avenyu alikuwa nyuma yetu, naye akavua kofia.

Ndiyo maana nimekuja mbio bila kofia yangu, mwanangu. Kule Ndosho nyumba zimebanana. Leo kuna kauchu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kuna resori, zile springi za chuma, kuna mipira ya tiyo iliyo bora kuliko ile yetu, usikubali mutu akuambie ni mapambo. Kabla ya kumwaga sima, chukua nyundo ugonge lava, uisikilize. Pompe uipe kitanda kizito na kitanda ukipe kitu laini cha kulalia, na uangalie chini yake kusibaki hata jiwe dogo, kwa sababu jiwe moja linarudisha kazi yote nyuma. Iache inywe vizuri, kwa tiyo fupi na safi. Ipatanishe na moteri yake. Tiyo isishikwe na ukuta wa mutu, na hata ile tiyo ndogo ya waya wa umeme uiwekee sehemu inayokunjika. Mashine ikitikisa, usiwe na haraka ya kukaza. Kwanza tafuta mahali inapogusa pasipopaswa kuguswa.

Na ukimaliza kazi, usijisifu ukiwa ndani ya nyumba ya pompe. Bisha hodi kwa jirani, omba kiti, omba bakuli ya maziwa, ukae utazame. Akikuambia ingali inacheza, muamini, rudi kazini. Watu wakianza kuzoea kelele yako, usifurahi. Jua umewaziba masikio, na kwetu hapa mutu anahitaji masikio yake.

Sasa inamisha kichwa. Mungu wa mama zetu waliobeba bidoni akubariki, akupe mikono inayosikia na subira ya kurudia kazi. Maji yako yafike kwenye kila mulango, na sauti ya mashine yako isifike popote. Maziwa ya jirani yako yalale salama. Na siku mulima utakapoita, Ndosho nzima iusikie, itoke, isibaki hata mutoto mumoja ndani. Amina. Nenda, na kesho asubuhi nipitie, nitakuazima nyundo yangu.